Jinsi ya kufuatilia afya ya aresta za msongo mkubwa kwa ujifunzaji wa mashine

Maswali huja kwa zamu, lakini ni yale yale. Mmoja ameambiwa na mkuu wake "weka akili mnemba kwenye aresta", kile kifaa kinachomwaga radi ardhini ili isiharibu mitambo, na anataka kujua atumie modeli gani. Mwingine ana data ya miezi sita isiyo na aresta hata moja iliyoharibika, naye anauliza ataifundisha modeli kitu gani. Wa tatu analalamika kwamba mita ya mkondo ilisoma kawaida tu, na wiki iliyofuata aresta ikapasuka. Nimeandika mwongozo huu ili wote watatu niwajibu mara moja.

Unamfaa fundi au mhandisi mwenye ruhusa ya kuingia kwenye kituo cha kupoza umeme, anayejua Python kiasi cha kufungua faili na kuchora grafu. Ukija hapa kutafuta mtandao wa neva wenye tabaka hamsini, utasikitika. Sehemu kubwa ya kazi ni kupima vizuri. Modeli yenyewe inakaa kwenye mistari michache.

Nadharia kidogo

Aresta ya kisasa ni mnara wa vidonge vya oksidi ya zinki ndani ya ganda la porselini au la mpira wa silikoni. Kwenye msongo wa kawaida vidonge hivyo hukataa kupitisha umeme. Wimbi la radi au la kufungua swichi likifika, vinalegea na kulimwaga ardhini, kisha vinakaza tena. Hata vikiwa vimekaza, kuna mkondo mdogo unaovuja mchana na usiku. Huo ndio tunaoupima.

Mkondo unaovuja una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kapasita, kwa sababu vidonge vilivyopangwa hivyo ni kapasita pia. Kwa kawaida huwa kati ya 0.2 na 3 mA. Ya pili ni ya ukinzani, kati ya mikroampea 10 na 600 hivi kutegemea msongo, joto na aina ya aresta. Uchakavu unaonekana kwenye hiyo ya pili. Ugumu ni kwamba sehemu hizi zimepishana kwa nyuzi 90, yaani robo ya mzunguko, kwa hiyo hazijumlishwi moja kwa moja. Chukua aresta yenye 1 mA ya kapasita na 0.1 mA ya ukinzani: jumla ni 1.005 mA. Mkondo wa ukinzani ukiongezeka maradufu hadi 0.2 mA, jumla inakuwa 1.020 mA. Sindano ya mita haijasogea hata asilimia 2, na ndani mambo yameharibika mara mbili.

Yule wa tatu amepata jibu lake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza hakikisha aresta zako zimekaa juu ya vitako vya kuhami, na waya wa ethi (wa kwenda ardhini) unashuka peke yake kutoka kwenye kitako. Aresta iliyofungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye chuma cha nguzo haipimiki kwa njia hii, maana mkondo unapita kila mahali. Kwa hizo utabaki na kamera ya joto mpaka siku zitakapozimwa na kuwekewa vitako.

Utahitaji pia:

- Kihisi cha mkondo cha kubana, chenye kiini cha sumaku, kinachoweza kusoma mikroampea chache kwenye 50 au 60 Hz. Koili ya Rogowski ni nzuri kwa mawimbi ya radi, lakini kwa mkondo mdogo hivi wa masafa ya chini haifai. Wengi hununua hiyo kwanza na kujuta.
- Mawimbi ya msongo kutoka kwenye transfoma ya kupimia ya fazi ile ile.
- Kifaa cha kunasa data cha biti 16 au zaidi, sampuli 10,000 kwa sekunde au zaidi, kinachosoma mkondo na msongo kwa wakati mmoja.
- Kihisi cha joto la hewa na cha unyevu, kimoja kwa kituo kinatosha.
- Kamera ya joto, hata ya kuazima.
- Kaunta ya mawimbi (inayohesabu mara ngapi aresta imemwaga wimbi ardhini), kama ipo.
- Kompyuta yenye Python, NumPy, pandas na scikit-learn. Ya kawaida inatosha.
- Daftari la aresta: namba ya kila moja, mtengenezaji, mwaka, msongo wake wa kudumu, fazi, na tarehe iliyofungwa. Wengi huliruka hili, kisha hutumia mwezi mzima kulitafuta.

Usalama, kabla ya hatua yoyote

Kamwe usifungue waya wa ethi wa aresta iliyo hewani. Ukiufungua, kitako kinapanda kufikia msongo wa laini, na mkono ulioshika spana unakuwa ndio njia ya ardhini. Kihisi cha kubana kimetengenezwa ili usikate kitu. Hata hivyo kifunge laini ikiwa imezimwa, imewekewa ethi ya muda, na kibali kimesainiwa.

Usiongeze waya mwembamba, kipinga wala mzunguko wowote ndani ya njia ya ethi. Aresta ya daraja la 10 kA hupitisha kiasi hicho kwa mikrosekunde chache, na kila mita ya waya ina takriban mikrohenri 1. Kwa wimbi linalopanda ndani ya mikrosekunde 8, kila mita ya ziada inaongeza kama volti 1,250 kwenye msongo unaoifikia transfoma. Ukisikia radi kwa mbali, funga sanduku la vifaa uondoke. Kazi ya kifaa unachokishika ni kupokea radi hiyo.

Hatua ya 1: Chagua aresta chache, zikiwa tatu tatu

Usianze na kituo kizima. Chukua fazi tatu za laini moja, au za upande mmoja wa transfoma, ziwe za aina moja na umri mmoja. Aresta tatu ndugu zinapata jua lile lile, mvua ile ile na karibu msongo ule ule. Mmoja akianza kwenda kivyake, umepata habari kabla hujaandika modeli yoyote. Seti mbili au tatu za namna hii zinatosha kwa kuanzia.

Hatua ya 2: Funga vihisi, na ukague saa

Kihisi kikae kwenye waya wa ethi chini ya kitako, juu ya kaunta. Andika mshale unaelekea wapi, na uelekee upande mmoja kwa zote tatu. Pima ukinzani wa kitako laini ikiwa imezimwa: kitako chenye uchafu, rangi iliyomwagikia au bolti inayogusa chuma kinaiba sehemu ya mkondo, na utakuwa unapima mabaki.

Suala la saa linahitaji utulivu. Kosa la nyuzi 1 kati ya mkondo na msongo, kwenye kapasita ya 1 mA, linakuzalishia mikroampea 17 za uongo kwenye mkondo wa ukinzani. Kwenye 50 Hz nyuzi 1 ni mikrosekunde 56 tu. Kwa hiyo kama msongo unanaswa na kifaa kimoja ndani ya jengo na mkondo na kingine uwanjani, saa zao zilinganishwe kwa GPS, tofauti isizidi mikrosekunde chache. Transfoma ya kupimia nayo ina kosa lake la pembe. Lipo kwenye cheti chake, lirekebishe kwenye programu.

Hatua ya 3: Nasa mawimbi kwa mizunguko kamili

Nasa mizunguko 10 kamili kwenye 50 Hz, yaani milisekunde 200, au mizunguko 12 kama mtandao wako ni wa 60 Hz. Ukikata katikati ya mzunguko, hamoniki (masafa ya mtandao, na yale yaliyo mara mbili, mara tatu na kuendelea ya hayo) zinachafuana. Mara moja kila dakika 10 au 15 inatosha, kwa kuwa aresta haizeeki kwa dakika. Hifadhi mawimbi ghafi walau mara moja kwa siku, na kila kengele inapolia. Wanaohifadhi vipimo vilivyokwisha kukokotolewa peke yake hujuta siku wanapogundua fomula yao ilikuwa na kosa.

Hatua ya 4: Tenganisha mkondo wa ukinzani

Njia rahisi kwa anayeanza ni hii: mkondo wa kapasita unafuata kasi ya kubadilika kwa msongo. Tafuta ukubwa wa kapasita unaolingana vizuri zaidi na ulichopima, ukiondoe, kinachobaki ndicho cha ukinzani.

```
dv = np.gradient(v, muda)
C  = np.dot(i, dv) / np.dot(dv, dv)
ir = i - C * dv
```

Mistari mitatu tu. Ila kabla yake, chuja `v` na `i` kwa kichujio kimoja kilekile, maana hesabu ya kasi ya kubadilika hukuza kelele. Ukichuja moja na kuacha nyingine, umeongeza kosa la pembe kwa mkono wako mwenyewe.

Kutoka kwenye `ir` chukua kilele chake, sehemu ya hamoniki ya kwanza, na sehemu ya hamoniki ya tatu. Ya tatu huzaliwa na tabia ya vidonge kutofuata mstari ulionyooka, na kwa aresta nzima huwa kati ya asilimia 10 na 40 ya mkondo wa ukinzani.

Wapo watakaokwambia usihangaike na msongo, pima hamoniki ya tatu ya mkondo mzima na basi. Inawezekana, ila piga hesabu kwanza. Kama msongo wa mtandao wenyewe una asilimia 1 ya hamoniki ya tatu, kapasita ya 1 mA itapitisha mikroampea 30 za hamoniki hiyo, kwa kuwa kapasita hupitisha mara tatu zaidi kwenye masafa yaliyo mara tatu. Aresta yenye mikroampea 100 za ukinzani, nayo inatoa mikroampea 10 hadi 40. Kelele na habari zimelingana. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha aresta, IEC 60099-5, kinazungumzia mbinu ya hamoniki ya tatu yenye fidia ya hamoniki za msongo. Bila fidia utakuwa unafuatilia mizigo ya wateja ukidhani ni aresta.

Kuna jambo moja ambalo mistari ile mitatu haiondoi. Fazi za jirani zinaingiza mkondo wao kupitia hewa. Ya katikati inasukumwa pande zote mbili na karibu inasawazika. Za pembeni zinasogezwa nyuzi kadhaa, moja mbele na nyingine nyuma. Kwa hiyo utaona fazi moja ya pembeni ina mkondo wa ukinzani mkubwa, nyingine mdogo, tangu siku ya kwanza. Usiite hilo hitilafu. Liandike kama alama ya kuanzia ya kila aresta, na baada ya hapo fuatilia mabadiliko peke yake.

Hatua ya 5: Jenga jedwali moja

Mstari mmoja kwa kila kipimo, na safu hizi: namba ya aresta, namba ya seti yake, muda, msongo halisi, mkondo mzima, kapasita, kilele cha ukinzani, hamoniki ya kwanza na ya tatu, joto la hewa sasa, wastani wa joto la saa 3 hadi 6 zilizopita, unyevu, idadi ya mawimbi tangu kipimo kilichotangulia.

Kwa nini joto la saa zilizopita? Kwa sababu mnara wa vidonge ndani ya porselini haupoi papo hapo. Saa moja jioni hewa imeshapoa, ndani bado ni mchana. Ukiiacha safu hiyo, kila jioni itakuletea kengele.

Ongeza pia uwiano wa kila aresta na namba ya kati (mediani) ya seti yake ya ndugu watatu. Safu hii moja imenifaa kuliko nyingine zote.

Hatua ya 6: Fundisha modeli ijue kawaida ilivyo

Hapa ndipo wa pili, yule asiye na aresta mbovu kwenye data, anapata nafuu. Huhitaji mbovu ili uanze. Unafundisha modeli ibashiri mkondo wa ukinzani wa aresta nzima, ukiipa msongo, joto na unyevu. Kisha unaangalia mabaki: kilichopimwa kutoa kilichobashiriwa. Aresta ikichakaa, mabaki yanapanda na hayashuki.

Anza na mlinganyo wa mstari, lakini wa logarithi. Bashiri logarithi ya mkondo wa ukinzani kutokana na logarithi ya msongo na kinyume cha joto, joto likiwa kwa kelvini. Vidonge hivi vinafuata tabia hiyo kwa ukaribu mzuri, na modeli yenye namba tatu unaweza kumweleza bosi wako kwenye ubao. Ukiona bado mabaki yanafuata saa za siku, jaribu miti ya maamuzi iliyojumuishwa. Mtandao wa neva uache kwanza.

Data ya kufundishia ipite vipindi vyote vya hali ya hewa, kwa hiyo mwaka mzima ni bora. Huna mwaka? Tumia uwiano wa ndugu watatu tangu siku ya kwanza, kwa kuwa hali ya hewa inajifuta yenyewe kwenye mgawanyo, na modeli ya mabaki ije baadaye.

*Kosa la kawaida:* kugawa data kwa kubahatisha, asilimia 80 za kufundishia na 20 za kujaribia. Kipimo cha saa 4:00 kinaingia upande mmoja na cha saa 4:15 upande wa pili; modeli inakariri, wewe unashangilia. Tunapima mkondo unaovuja, halafu tunavujisha data. Gawa kwa muda, na ugawe kwa aresta: fundisha kwa baadhi, jaribu kwa ambazo modeli haijawahi kuziona. Kwenye scikit-learn, GroupKFold inafanya hilo ukiipa namba ya aresta. Modeli yangu ya kwanza kabisa ilikuwa bingwa mpaka nilipofanya hivi. Kumbe ilikuwa inatambua aresta kwa ukubwa wa kapasita zao na kukariri majibu ya kila moja.

Hatua ya 7: Weka mpaka wa kengele

Usitumie kipimo kimoja kimoja. Lainisha mabaki: thamani mpya ichukuliwe sehemu moja kwa kumi, na ya zamani sehemu tisa. Kisha pima mtawanyiko wake wa kawaida kwa namba ya kati ya umbali kutoka katikati, zidisha kwa 1.4826, uweke mpaka kwenye mara 3 au 4 ya hapo. Njia hii haiyumbishwi na siku mbili tatu za mvua kama unavyoyumba wastani wa kawaida.

Ongeza sharti la kudumu: kengele isilie hadi mpaka uwe umevukwa kwa siku kadhaa mfululizo, zikiwemo saa kavu. Unyevu wa juu ya ganda hukauka jua likichomoza. Ulioingia ndani haukauki hivyo.

Ukitaka kuangalia safu nyingi kwa pamoja, jaribu msitu wa kutenga, mbinu ya kutafuta vipimo visivyofanana na vingine, iliyoletwa na Liu, Ting na Zhou mwaka 2008. Kwenye scikit-learn inaitwa IsolationForest. Ilishe mabaki na uwiano. Ukiilisha vipimo ghafi, itakuonyesha siku zenye joto kali, na hizo hata wewe unazijua.

Hatua ya 8: Jaribu kwa kuharibu data kwa makusudi

Chukua data ya aresta nzima ambayo modeli haijaiona. Kuanzia tarehe fulani, ongeza mkondo wake wa ukinzani polepole hadi asilimia 30, kisha 50, kisha 100 juu ya kawaida. Hesabu siku ngapi zinapita kabla kengele kulia, na kengele ngapi za uongo zililia kabla ya tarehe ile. Hizo namba mbili ndizo za kumpelekea mkuu wako.

Usimpelekee asilimia ya usahihi. Ukiwa na aresta 1,000 na mbovu ni 5, programu inayosema "zote nzima" bila kuangalia chochote ina usahihi wa asilimia 99.5.

Hatua ya 9: Kengele ikilia, thibitisha, kisha andika jibu

Kwanza nenda na kamera ya joto, usiku au kabla jua halijachomoza. Linganisha fazi tatu kwa pembe na umbali ule ule. Tofauti ya nyuzi chache tu nje inaweza kuficha tofauti kubwa ndani, hasa kwenye porselini yenye nafasi ya hewa.

Hapa kuna mtego. Kwenye aresta iliyojengwa kwa vipande viwili au vitatu juu kwa juu, kipande kilicholowa ndani kinapitisha umeme kirahisi, hivyo msongo wake unahamia kwa wenzake. Wenzake ndio wanaopata moto. Ukiondoka na kipande cha moto ukakiacha cha baridi, umeondoa mzima. Badilisha aresta nzima.

Kamera ikikubaliana na modeli, omba laini izimwe upime: ukinzani wa kuhami kwa mega (mita ya kupimia ukinzani mkubwa), na msongo wa DC unaopitisha 1 mA. Kanuni zinazotumika China, kwa mfano, zinataka msongo huo usiwe umehama zaidi ya asilimia 5 kutoka wa awali, na mkondo kwenye robo tatu ya msongo huo usizidi mikroampea 50. Tumia kanuni za kwenu na karatasi ya mtengenezaji.

Majibu haya ndiyo lebo zako. Kila aresta iliyofunguliwa, andika ilikutwa na nini: maji, vidonge vilivyochoka, ufa, au hakuna kitu. Ukifika kesi kadhaa za kila aina, unaweza kufundisha mti mdogo wa maamuzi utofautishe sababu. Mpaka hapo, tumia macho:

- Mkondo wa ukinzani wa hamoniki ya kwanza umepanda, wa hamoniki ya tatu umetulia: njia ya maji au uchafu, maana maji hupitisha umeme kwa mstari ulionyooka.
- Hamoniki ya tatu imepanda pamoja na ya kwanza, kwenye fazi moja, polepole kwa miezi: vidonge vinazeeka.
- Fazi zote tatu zimepanda pamoja alfajiri na kushuka saa tatu asubuhi: umande juu ya vumbi. Zioshwe.
- Imeruka ghafla siku kaunta ilipoongeza namba, na haikurudi: kidonge kimepata ufa. Usisubiri siku kadhaa za Hatua ya 7.

Mambo yanapokwenda kombo

*Mkondo wa ukinzani unatoka hasi.* Mshale wa kihisi umegeuzwa, au umechukua msongo wa fazi nyingine. Mkondo wa kapasita unapaswa kuutangulia msongo kwa karibu nyuzi 90. Ukiona 210 au 330, umechanganya fazi. Ukiona 270, geuza kihisi.

*Kipimo ni kidogo mno kuliko ndugu zake.* Rudi kwenye kitako cha kuhami. Mara tisa kwa kumi nimekuta bolti, waya wa kaunta uliogusa chuma, au uchafu.

*Aresta moja inapanda taratibu, lakini kamera haioni kitu.* Inawezekana kihisi ndicho kinachozeeka. Angalia kapasita: hiyo haina sababu ya kubadilika, kwa hiyo kapasita na ukinzani zikipanda kwa uwiano mmoja, shaka kihisi. Kama unashindwa kuamua, badilishana vihisi kati ya fazi mbili wakati laini imezimwa. Hitilafu ikihama na kihisi, umempata mwizi.

*Hamoniki ya tatu inapanda jioni kwenye kituo kizima.* Ni mtandao. Fidia ya msongo haifanyi kazi, au transfoma ya kupimia haipitishi hamoniki vizuri. Zile za aina ya kapasita husumbua sana hapa. Tegemea zaidi uwiano wa fazi tatu.

*Kengele zinalia kila siku na mafundi wameacha kuzijali.* Usipandishe mpaka mara moja. Tafuta kwanza kengele hizo zinafanana saa, unyevu au mwelekeo wa jua. Aresta iliyo upande wa magharibi ikilia kila alasiri, umekosa safu kwenye jedwali.

*Aresta imebadilishwa, na modeli inapiga kelele.* Mtu amefunga mpya na kuiacha na namba ya ile ya zamani. Mpya ipewe namba yake, historia ianze upya, na wiki za kwanza itegemee uwiano na ndugu zake, ukikumbuka kwamba sasa si wa umri mmoja.

*Nimefundisha kwa data ya kompyuta peke yake, uwanjani haifanyi kazi.* Data ya kuiga haina umande, haina buibui kwenye kitako, wala fazi za jirani. Itumie kukagua kama fomula ya Hatua ya 4 inarudisha namba uliyoiweka.

*Hakuna kengele hata moja kwa miezi minane.* Kabla ya kufurahi, hakikisha vifaa vinaleta data. Nimewahi kukuta programu inasoma faili ile ile ya Machi kila dakika 15, na kila dakika 15 inaandika "kawaida". Sasa hivi kila kifaa changu kinatuma muda wa sampuli yake ya mwisho, na muda huo ukipitiliza saa moja, hiyo nayo ni kengele.